Basi la ziara au treni: kwenda mashambani kutoka London bila gari

Ndugu akija London kwa wiki moja, kufika siku ya tatu huanza kuuliza habari za mashambani. Ameshaliona daraja, ameshaliona kasri, sasa anavitaka vile vijiji vya mawe ya rangi ya asali alivyozoea kuviona kwenye kalenda. Yeye hana gari na mwenyeji wake hana pia. Kwa sensa ya 2021, takriban kaya nne katika kila kumi za London hazikuwa na gari. Kukodi inawezekana, ila barabara za vijijini kule zimebana kati ya kuta za mawe na ua wa miti, na mgeni akikutana na trekta ndipo anapojua kwamba kurudi kinyumenyume ni ujuzi. Basi yamebaki mawili: anunue kiti kwenye basi la watalii, au apande treni na ajitegemee.

Wengi hulinganisha mambo haya mawili kwa bei. Kwangu bei ni swali la tatu hivi. La kwanza ni hili: katika saa kumi au kumi na moja utakazokuwa safarini, ni ngapi utakuwa umesimama kwa miguu yako mahali ulipokwenda kupaona?

Chukua ziara ya kawaida ya Cotswolds, eneo la vilima magharibi ya Oxford lililowekewa hifadhi ya mandhari tangu 1966, lenye ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 2,000. Basi linaondoka katikati ya London saa mbili asubuhi na kurudi saa kumi na mbili na nusu jioni. Kufika Burford, mlangoni mwa eneo lenyewe, huchukua karibu saa mbili kukiwa hakuna foleni, na kurudi jioni ni zaidi. Ongeza mwendo wa kutoka kijiji hadi kijiji, umekaa kitini saa tano. Zinabaki tano na nusu za kugawanya kwa vituo vinne. Toa chakula cha mchana, toa foleni ya msalani, toa dakika za kumsubiri yule abiria mmoja asiyekosekana katika kila basi. Kila kijiji kimepata saa moja, pengine pungufu.

Wala mwenye basi si mwizi wa muda wako. Sheria inamkataza dereva kuendesha zaidi ya saa nne na nusu bila kupumzika dakika 45, na kwa siku asizidishe saa tisa, isipokuwa mara mbili kwa wiki anaporuhusiwa kufika kumi. Mabasi hayo yamefungwa kidhibiti mwendo kisichozidi kilomita 100 kwa saa. Kwa hiyo kile kituo kirefu cha mchana mara nyingine kimewekwa kwa ajili ya dereva kuliko kwa ajili yako, na mpangaji wa ratiba ana nafasi finyu ya kukuongezea chochote. Anachoweza ni kupunguza vituo. Lakini tangazo lenye vituo viwili haliuziki kama lenye vinne, na hapo lawama inarudi kwetu wanunuzi. Ziko hata ziara zinazounganisha Windsor, Stonehenge (lile duara la mawe ya kale) na mji wa Bath kwa siku moja. Njia mbili zilimshinda fisi. Hizi ni tatu.

Hadi hapa ungedhani nawapigia debe watu wa treni. Subiri kidogo.

Treni ya Cotswolds inatoka kituo cha Paddington, London, na kukushusha Moreton-in-Marsh kwa muda wa saa moja na nusu hivi, haraka kuliko basi lolote. Tatizo ni kwamba Moreton ni mji mdogo wa soko, mzuri kwa kiasi chake, lakini sicho kile kijiji cha kwenye kalenda. Bourton-on-the-Water, chenye madaraja mafupi ya mawe juu ya mto Windrush, kiko kilomita kumi na kitu kusini zaidi. Kiliwahi kuwa na kituo chake cha treni, kikafungwa kwa abiria mwaka 1962. Mwaka uliofuata ikatoka ripoti maarufu ya Richard Beeching iliyopendekeza kufunga zaidi ya vituo 2,000 nchini Uingereza, na ramani ya reli za vijijini ikabaki mifupa. Huko ndiko ilikotoka shida ya msafiri wa leo asiye na gari: reli inamfikisha karibu sana, kisha inamwacha. Kamba hukatikia pembamba, na pembamba pake ni zile kilomita kumi za mwisho.

Zinavukwa kwa basi la kawaida la kijijini. Namba 801 hupita Moreton, likapanda Stow-on-the-Wold kileleni mwa kilima, likashuka Bourton. Tangu Januari 2025 nauli za mabasi mengi England nje ya London zimewekewa kikomo cha pauni 3 kwa safari moja, kwa hiyo hapo pesa haiumi. Kinachouma ni saa. Basi la kijijini haliji kila dakika kumi, na Jumapili huwa machache mno au hakuna kabisa. Nimewahi kulikosa Stow kwa dakika mbili, kosa langu mwenyewe, nikakaa kwenye benchi uwanjani nikisoma ratiba ileile mara nne kana kwamba itabadilika. Teksi nazo hazipiti zikitafuta abiria. Unaiagiza kabla, tena kwa kubembeleza.

Ila wakati mambo yakikubali, treni inakupa kitu ambacho ziara haiwezi kukupa, nacho ni kubadili mawazo. Umefika Bourton saa nne asubuhi, umeona watu wamejaa, unashika njia ya miguu kuelekea Lower Slaughter, mwendo usiozidi saa moja kando ya mashamba. (Jina lisikutishe. Halihusiani na machinjio, linatokana na neno la kale lenye maana ya mahali penye matope.) Mvua ikinyesha unaingia mgahawani na kukaa mpaka ikatike, bila kumwangalia mtu aliyeshika mwavuli wa rangi akiwahesabu abiria. Ukifanya hivyo umeona vijiji viwili badala ya vinne, lakini umeviona.

Sasa geuza upande. Ukitaka Bibury, hasa ule mstari wa nyumba za Arlington Row, uliojengwa mnamo 1380 kuwa ghala la sufu na kugeuzwa makazi ya wafumaji katika karne ya 17, treni haikusaidii. Kituo chenye treni za London kilicho karibu ni Kemble, na kutoka hapo mabasi ni ya kuhesabu. Hapa ziara inashinda bila ubishi. Ila soma ratiba kwa jicho kali: kuna tofauti ya mbingu na ardhi kati ya “tutasimama” na “tutapita”. Kijiji chenyewe kina wakazi mia kadhaa tu, na msongamano wa mabasi makubwa umewachosha kiasi cha kuwa ugomvi wa wazi. Ndiyo maana katika eneo hili napendelea basi dogo la abiria 16 kuliko lile la hamsini, hata kama bei imepanda. Linapita vichochoro ambavyo kubwa halipiti, na watu 16 hushuka na kupanda kabla wale hamsini hawajamaliza kutafuta miwani yao.

Jambo jingine ninalowapa watu wa ziara ni mwongozaji, akiwa mzuri. Peke yako utaona nyumba nzuri na kanisa kubwa kupita kiasi kwa kijiji kidogo kama Northleach. Mwongozaji atakwambia kanisa lile lilijengwa kwa fedha za wafanyabiashara wa sufu, na kwamba kondoo wa zama za kati walikuwa utajiri mkubwa wa England kiasi kwamba mpaka leo spika wa Baraza la Malodi hukalia mto uliojazwa sufu. Ukishaambiwa hivyo, kuta zinaanza kusema. Bahati mbaya tangazo halikuambii nani atashika kipaza sauti siku yako, na mwongozaji mbovu huwezi kumzima kwa saa tano.

Stonehenge ni kesi tofauti kabisa, na ndiyo ninayoona watu wanakosea zaidi. Wanadhani bila ziara hakufikiki. Treni inatoka Waterloo hadi Salisbury kwa saa moja na nusu, na nje ya kituo kuna basi maalumu la kwenda kwenye mawe. Salisbury yenyewe ina kanisa kuu lenye mnara wa mita 123, mrefu kuliko wa kanisa lolote Uingereza, na ndani imehifadhiwa moja ya nakala nne zilizobaki za Magna Carta, hati ya haki ya 1215. Anayekuja na ziara mara nyingi hupitwa na hayo yote. Zaidi ya hayo, jengo la wageni lililofunguliwa 2013 liko zaidi ya kilomita mbili kutoka kwenye mawe, na kuna usafiri wa kwenda na kurudi hapo. Ziara ikisimama hapo saa moja na nusu, muda huo unaliwa na usafiri huo kabla hujatazama kitu. Halafu unazunguka nje ya kamba, kwa kuwa kuingia katikati ya duara ni kwa tiketi za pekee, kabla ya kufunguliwa au baada ya kufungwa. Anayetaka mawe na Bath siku moja, basi la ziara ni haki yake. Anayetaka mawe peke yake, kwa kweli analipia kiti asichokihitaji.

Kuhusu msimu, maneno machache. Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi jioni, kwa hiyo kijiji cha nne kwenye ratiba utakiona kwa taa za basi. Juni linazama baada ya saa tatu usiku, na basi lililokurudisha saa kumi na mbili limekunyang'anya saa bora kuliko zote.

Na pesa, niliyoiahirisha. Wakiwa watu wawili, tofauti mara nyingi si kubwa. Wakiwa watatu hadi tisa, kampuni nyingi za treni hupunguza theluthi ya nauli nje ya saa za msongamano, na hapo treni huanza kuvuta mbele. Pande zote zina mtego wake. Kanuni za Uingereza za 2018 zinazolinda wanunuzi wa safari zinazouzwa kama kifurushi haziihusu safari isiyofika saa 24 na isiyo na malazi, na zile siku 14 za kughairi ulichonunua mtandaoni haziihusu burudani yenye tarehe maalumu. Ukiumwa asubuhi ya ziara, huruma yako iko kwenye masharti ya muuzaji tu. Kwa treni, ikichelewa unadai fidia. Lakini wikendi matengenezo ya reli hayatabiriki kwa mgeni, na unaweza kukuta tiketi yako ya treni imegeuka kuwa safari ya basi. Angalia siku mbili kabla, usingoje kituoni.

Kwa wazazi wenye magoti mabovu, nawakatia ziara bila kufikiri mara mbili, tena siku ya Jumapili. Kwa vijana wawili wenye viatu vizuri, Jumanne, siku ya gulio la Moreton, naona ni hasara kuwafungia kwenye basi.

Lakini nimegundua kwamba nusu ya wanaoniuliza hawana haja na Cotswolds. Wanataka majani, kilima na ukimya. Hao nawaelekeza Chesham, mwisho wa tawi la Metropolitan, njia ya treni za mjini London, ambako treni ileile ya mjini na kadi ileile ya Oyster vinakufikisha ukingoni mwa vilima vya Chilterns. Ukitoka kituoni, unaupita mji mdogo, na baada ya nusu saa hivi uko kwenye njia ya umma ya miguu katikati ya malisho ya mtu. Ni halali, alimradi ufunge geti nyuma yako kondoo wasitoke.