Je, kujaza MTUHA kunahitaji diploma?

Ukiwa na kijana aliyemaliza kidato cha nne, msimu wa udahili hautapita bila kusikia kozi ambayo kizazi chetu hakikuijua: kumbukumbu za afya na teknolojia ya habari, kwa ngazi ya cheti hadi diploma. Mjomba atasema ni kuchoma ada, maana kazi yenyewe ni kutafuta mafaili kwenye rafu. Shangazi atajibu kwamba hospitali zote siku hizi ni kompyuta, mwache mtoto akasome. Kila mmoja wao ana hoja, ingawa si ile anayodhani anayo.

Tuanze na kazi yenyewe. MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, Tanzania tunao tangu miaka ya 1990. Kila kituo kina vitabu vyake: namba 5 cha wagonjwa wa nje, namba 6 cha wajawazito, namba 12 cha waliojifungua, na vingine. Mwezi ukiisha, mtu anakaa na kitabu namba 5 na karatasi pembeni, anapiga vijiti vitanovitano: malaria chini ya miaka mitano, malaria miaka mitano na kuendelea, kichomi, kuhara. Jumla inapelekwa wilayani siku za mwanzo za mwezi unaofuata na kuingizwa kwenye DHIS2, programu ya kompyuta ya takwimu za afya iliyokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na ambayo sasa inatumiwa na nchi nyingi za Afrika. Kwenye zahanati nyingi mpiga vijiti huyo ni muuguzi, yuleyule aliyekesha akizalisha.

Wanaoona diploma haina maana wanaanzia hapohapo. Kama muuguzi anaimudu kazi hiyo baada ya semina fupi, miaka mitatu ya chuo ya nini? Zahanati yenye watumishi watatu haiwezi kumtenga mmoja awe wa kuandika tu. Tena wana hoja nzito zaidi, ambayo watetezi wa kozi huipita haraka: takwimu huzaliwa mkononi mwa mganga, dakika ile anapoandika ugonjwa. Mlete mtu wa takwimu, na mganga ataanza kuona rejista ni ya mwenzake. Ataandika "malaria" bila kusubiri kipimo, na hakuna diploma itakayoirekebisha baadaye.

Halafu wanamalizia na kompyuta. Serikali inasambaza GoTHoMIS, mfumo wa kompyuta wa kuendeshea huduma za hospitali, katika vituo vyake. Mganga akishaingiza taarifa za mgonjwa, ripoti inajijumlisha. Kijana atakuja kujumlisha nini?

Hii ya kompyuta ndiyo inayopendwa zaidi mitaani, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Mashine inajumlisha ulichoiingizia. Chukua cheti cha kifo. Daktari aliyechoka saa tisa usiku anaandika sababu: moyo kusimama. Ni kweli, na itakuwa kweli kwa kila maiti iliyomo mochwari. Lakini marehemu huyu aliishi na kisukari miaka mingi, akapata kidonda mguuni, kidonda kikaoza, maambukizi yakaingia kwenye damu. Katika toleo la kumi la ICD, uainishaji wa kimataifa wa magonjwa, moyo kusimama ni I46 na kisukari cha aina ya pili ni E11. Ukiingiza I46, kompyuta itaipokea bila kinyongo, itaijumlisha na kuichorea grafu nzuri. Mkoa utaonekana una watu wengi wanaokufa kwa moyo, na kliniki ya kisukari haitapata senti ya nyongeza.

Aliyesomea kazi hii anatakiwa alione hilo faili, alirudishe kwa daktari na kumuuliza: dokta, kilichouanzisha mnyororo huu ni nini? Hapo panahitaji mtu anayejua anatomia kidogo, anayejua magonjwa yanavyofuatana, na mwenye ujasiri wa kumrudishia daktari karatasi yake. Semina ya siku tatu haimtoi mtu huyo. Na toleo la kumi na moja, lililoanza kutumika kimataifa Januari 2022, limekuja na namba mpya kabisa, kwa hiyo hata waliozoea watarudi darasani.

Au chukua chanjo. Wilaya inaripoti kwamba imechanja asilimia 112 ya watoto wake. Asiyejua atadhani kuna aliyedanganya, ataishusha namba ifike 98 ili mambo yaishe. Anayejua ataangalia kwanza idadi waliyogawanyia, ambayo ni makadirio kutoka kwenye sensa. Kati ya sensa ya 2012 na ya 2022 tuliongezeka kutoka watu takriban milioni 44.9 hadi milioni 61.7, na hatukuongezeka sawasawa kila wilaya. Ataangalia pia akina mama wanaovuka mpaka wa wilaya kwa sababu kituo cha jirani kiko karibu. Hapo ndipo atakapoanza kushuku kwamba kuna aliyepiga vijiti mara mbili. Mpangilio huo wa maswali ndiyo elimu yenyewe, na kwa maoni yangu ungestahili muhula mzima.

Kuna na fedha. Dai la bima likienda bila saini, au dawa iliyotolewa isipolingana na ugonjwa ulioandikwa, linakatwa, na hospitali imeshatumia dawa zake. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote imepitishwa mwaka 2023. Kadiri watu wengi watakavyoingia kwenye bima ndivyo makosa ya aina hii yatakavyouma.

Kwa upande wa utawala sina mengi, kwa sababu huko ubishi umepungua. Chuo Kikuu cha Mzumbe kinatoa shahada ya menejimenti ya mifumo ya afya, na wahitimu wa fani hiyo ndio tunaowakuta kama makatibu wa afya, wakishika likizo, manunuzi na bajeti. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za kuendesha vituo zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, na mganga mfawidhi aliyesomea kutibu akajikuta anatunza daftari la fedha. Anayesema utawala wa hospitali hauhitaji kusomewa akae naye siku ya ukaguzi.

Sasa hoja ya mjomba, ile aliyokuwa nayo bila kujua. Ikama, yaani idadi ya watumishi waliopangiwa kituo, na kibali cha ajira ndivyo vinavyoamua nani anapata kazi serikalini, cheti hakiamui. Kwa muda mrefu vijana wa kumbukumbu walikuwa wanadakwa na miradi ya wafadhili, hasa CTC, yaani kliniki za wanaoishi na VVU, wakiwa makarani wa takwimu kwa mikataba. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, ilionekana wazi jinsi mikataba ya namna hiyo isivyo na mizizi. Kozi ikiwa imejengwa juu ya ajira za miradi, mzazi ana haki ya kusita.

Kuna pia swali la nani anamsimamia mtu anayejua hali ya VVU ya nusu ya mtaa wake. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayozihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kenya wamekwenda mbali zaidi: kwa sheria ya mwaka 2016 waliiundia fani hii bodi yake, inayosajili na inayoweza kumwajibisha mtu. Wapo wanaoona bodi ni gharama na urasimu mwingine. Mimi naona inambana anayeropoka siri kuliko barua ya onyo kutoka ofisini.

Kwa hiyo ningeanzia hospitali za rufaa na za wilaya, ambako mafaili ni mengi, vifo vinaandikwa na madai ya bima yanatoka. Huko diploma inajilipa. Zahanati ningeziachia wauguzi wao, na mhitimu mmoja anayezunguka kata akikagua vitabu kabla ripoti haijatoka. Kwenye mtaala ningepunguza saa za kujifunza kuchapa, nikaziongeza kwenye kuyapa magonjwa na sababu za vifo namba zake za ICD kwa mafaili halisi, wodini, chini ya mtu anayeifanya kazi hiyo kila siku.

Mwenye kijana nyumbani asiishie kuangalia kama chuo kina usajili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na ufundi stadi. Aulize mafunzo kwa vitendo yanafanyikia hospitali gani, kwa wiki ngapi, na kama anayefundisha ICD amewahi kufanya kazi kwenye chumba cha kumbukumbu. Chuo kinachokwepa maswali hayo, ada ielekezwe kwingine.