Tunawahubiria usingizi halafu tunawaamsha saa 10 alfajiri

Mjadala wa usingizi wa wanafunzi umerudi tena na kama kawaida watu wamegawanyika. Kuna wanaosema vijana wa siku hizi hawalali kwa sababu ya simu, mtu yuko TikTok mpaka saa 7 usiku, kesho yake anasinzia darasani halafu anasema ana stresi, kwahiyo dawa ni elimu ya afya na nidhamu basi. Na kuna wanaosema hapana, hawa watoto wamebanwa na ratiba tulizopanga sisi watu wazima. Nitajitahidi kuzitendea haki pande zote ila sitaficha, naona hawa wa pili hawajasikilizwa vizuri, hasa nikiwafikiria wanafunzi wa uuguzi ambao kwenye huu mjadala hakuna hata anayewataja.

Na ukiangalia vizuri ni watu walewale. Binti anamaliza form four ana miaka 17, matokeo yakitoka ana ufaulu wake wa Baiolojia, Kemia na Fizikia, anaingia chuo cha uuguzi. Shirika la Afya Duniani (WHO) wanahesabu vijana balehe kuanzia miaka 10 mpaka 19, maana yake yule unayemkuta wodini saa 9 usiku anapima presha, mwili wake bado ni wa kijana yuleyule aliyekuwa bwenini juzijuzi. Katoka kambi ya mtihani, baada ya muda si mrefu yuko kwenye rosta ya naiti, yaani zamu ya usiku, na kote huko kila mtu anamwambia lala vizuri, kunywa maji, epuka msongo wa mawazo.

Kwamba vijana wa umri huo wanahitaji masaa 8 mpaka 10 wengi mnalijua. Kinachosahaulika ni kwamba mtu akibalehe saa ya mwili inasogea mbele, ile homoni ya melatonini inayoandaa mwili kulala inachelewa kutoka, kwahiyo mtoto wa miaka 16 kukosa usingizi saa 3 usiku si jeuri wala si ukaidi, ndivyo mwili unavyofanya kazi wakati huo. Sasa mtu ambaye usingizi unamchelewa usiku ndio huyohuyo tunamgongea dirisha saa 10 alfajiri.

Hoja ya simu ina ukweli, siikatai. Kwa wanafunzi wa kutwa na wa vyuo simu inakula usiku kabisa, yule wa chuo anatoka wodini amechoka, analala kitandani anasema aangalie video moja tu, anashtuka ni usiku wa manane. Lakini nendeni shule za bweni. Kule simu ni marufuku, ukikamatwa nayo unarudishwa nyumbani, na bado asubuhi ukipita madarasani vichwa viko juu ya meza. Hawana TikTok wale, wana prepo, yaani muda wa lazima wa kujisomea, ya usiku mpaka saa 4 au 5 na prepo ya alfajiri, katikati kuna kufua, kupanga foleni ya maji na usafi. Kwa wale kosa la simu liko wapi?

Sasa naomba nikae kwenye namba moja ambayo kwa kweli inaninyima raha. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Dawson na Reid, waliandika kwenye jarida la Nature kwamba mtu akikaa macho masaa 17 mfululizo utendaji wake unashuka mpaka kufanana na wa mtu mwenye pombe asilimia 0.05 kwenye damu, na akifika masaa 24 anafanana na mwenye asilimia 0.10. Ufaransa na Ujerumani dereva akikutwa na hiyo 0.05 anaadhibiwa. Haya piga hesabu, mwanafunzi ameamshwa saa 10 alfajiri, masaa 17 yanatimia saa 3 usiku, na saa 3 usiku yuko wapi? Yuko prepo, kitabu cha hesabu mbele yake, na hapo ndipo tunaposema anajisomea kwa bidii. Njoo kwa mwanafunzi wa uuguzi, ameamka saa 12 asubuhi, mchana hajalala kwa sababu kulikuwa na kipindi au hosteli ina kelele na joto, saa 2 usiku anaingia naiti. Saa 5 usiku masaa 17 yameisha. Asubuhi saa 12, wakati wa dawa za asubuhi na kuandika ripoti ya kukabidhi wodi, ametimiza 24. Hapo ndipo anaposhika sindano ya dozi ya mtoto inayopigiwa hesabu kwa kilo.

Najua mtu atasema kipimo cha Dawson na Reid kilikuwa cha mkono na jicho kwenye kompyuta na si hesabu za darasani, sawa, ni kweli. Ila kuna utafiti wa Marekani wa mwaka 2004 uliofuatilia wauguzi 393 wa hospitalini ukakuta zamu ikifika masaa 12 na nusu au zaidi uwezekano wa kukosea unakaribia mara tatu, na wale ni wauguzi wenye leseni na uzoefu, sio mwanafunzi ambaye bado anaogopa kumuuliza inchaji, yule muuguzi msimamizi wa wodi.

Wanaotetea ratiba hizi nao wana mambo mazito. Mgonjwa halali kwa sababu sisi tumechoka, wajawazito wanajifungua usiku, na muuguzi ambaye hajawahi kufanya naiti akiwa mwanafunzi ataifanya mara ya kwanza akiwa peke yake zahanati ya kijijini, hilo ni hatari zaidi. Wauguzi wenyewe hawatoshi, kwahiyo mwanafunzi kwenye zamu ni mikono inayohitajika kweli. Na mzazi ambaye mtihani mmoja wa taifa ndio mlango pekee wa mwanawe kutoka alipo, ukimwambia habari za melatonini anaona unamchezea. Huyo mzazi namheshimu, sina cha kumlaumu.

Wengine wanataja Marekani, kwamba Seattle mwaka 2016 walisogeza muda wa sekondari kuanza kutoka saa 1:50 asubuhi kwenda saa 2:45 na wanafunzi wakapata kama dakika 34 zaidi za usingizi, na California tangu 2022 ni sheria sekondari za juu zisianze kabla ya saa 2:30. Vizuri, lakini kwetu kunakili hivyohivyo hakufai. Jua letu linazama saa 12 na nusu jioni hivi mwaka mzima, ukichelewesha kuanza unachelewesha kumaliza, na binti anayetembea kilomita kadhaa atafika nyumbani giza, na hatari ya giza kwa binti sihitaji kuieleza. Isitoshe watu wetu wa pwani wameamka alfajiri kuswali miaka na miaka bila shida, shida inakuja pale anayeamka alfajiri amelala saa 6 usiku, yaani usingizi unakatwa huku na huku.

Ndio maana semina za uelewa peke yake zinanichosha. Mwanafunzi wa uuguzi anafundishwa usingizi darasani, anaweza kukueleza hatua zake zote, tena akija mgonjwa wa presha yeye ndiye anampa ushauri wa kupumzika. Anachokosa ni mamlaka juu ya ratiba yake. Akisema amechoka anaambiwa uuguzi ni wito, akisinzia kwenye testi anakula sapu, yaani mtihani wa marudio, sapu zikizidi anadisko, yaani anaondolewa chuoni, na hiyo hofu ndiyo inamkesheza hata ule usiku mmoja ambao hana zamu.

Kenya walishaandika kwenye kanuni za elimu ya msingi za 2015 kwamba wa bweni walale saa 3:30 usiku mpaka saa 12 asubuhi, masaa 8 na nusu kamili. Na bado kuna shule wanaamshwa saa 10, kwa sababu mkuu wa shule anapimwa kwa wastani wa mtihani na mzazi anachagua shule kwa wastani huohuo, na shule moja haiwezi kuacha prepo ya alfajiri wakati ya jirani inaendelea. Huko vita ni virefu. Ndio maana mimi ningeanza na vyuo vya uuguzi, kule wanaopanga ni wachache, mkuu wa chuo na metroni (mkuu wa wauguzi) wa hospitali wanaweza kukaa wakakubaliana kwamba aliyetoka naiti siku hiyo hana kipindi wala testi, na mwanafunzi asivushwe masaa 12 wodini hata kama aliyetakiwa kumpokea amechelewa. Hilo halisubiri bajeti wala wizara, linaweza kuingia kwenye rosta ya mwezi ujao.