Anayeleta mzoga maabara asilipe

Machi 2022 maji ya Mto Mara yaligeuka meusi, samaki wakaelea wamekufa. Wengi walishuku migodi. Kamati ya serikali ya Tanzania, chini ya Profesa Samuel Manyele, ikaja na jibu lililochekwa karibu nchi nzima: kinyesi na mkojo wa mifugo, pamoja na mimea iliyooza, vilimaliza oksijeni majini.

Kisayansi jibu hilo si kioja. Sangara walipokufa kwa wingi Ziwa Victoria zaidi ya mwaka mmoja kabla ya hapo, Uganda nayo ilitaja upungufu wa oksijeni. Ila kamati inayoundwa samaki wakiwa wameshaoza haiaminiwi kirahisi. Maabara ya kudumu, inayopima mwaka mzima, ingekuwa na daftari la kuonyesha.

Tunayo Wakala wa Maabara ya Veterinari, TVLA, tangu 2012, makao yake Temeke na chanjo zake zikitengenezwa Kibaha. Kwa kuwa ni wakala, hutoza huduma, na wanaotetea utaratibu huo wana hoja. Chanjo ya mdondo ni tone moja kwenye jicho la kuku, kila baada ya miezi mitatu, na aina inayostahimili joto hufika kijijini bila friji. Mama akiona kuku wake wamebaki hai huku banda la jirani limekauka, analipa bila kuombwa mara mbili. Fedha hiyo huendesha maabara hata bajeti ikichelewa.

Upimaji ni habari nyingine. Ng'ombe amekufa ghafla, damu isiyoganda inamtoka puani. Huenda ni kimeta; mzoga haupaswi hata kupasuliwa. Mfugaji akipiga hesabu ya nauli na ada, anaona heri achune, auze nyama kwa bei ya kutupa. Jibu la maabara lingeokoa kata nzima, lakini gharama anabebeshwa yeye peke yake. Homa ya Bonde la Ufa ya 2006 na 2007 iliua zaidi ya watu 100 nchini. Tunajua ugonjwa wa zizini unaweza kuishia wapi.

Basi iwe bure? Bure ya serikali tunaijua: kipimo hakilipiwi, vitendanishi, yaani kemikali za kupimia, vimeisha. Mimi ningetoza chanjo na vyeti vya wafanyabiashara, kisha sehemu ya fedha hiyo ilipie sampuli ya mnyama aliyekufa bila sababu kujulikana.

Kwa samaki hali ni ngumu zaidi. TAFIRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa uvuvi, inafanya utafiti. Maabara ya Nyegezi, Mwanza, inakagua ubora, kazi iliyopata uzito baada ya Ulaya kuzuia samaki wa Ziwa Victoria miaka ya 1990. Mlaji wa ng'ambo analindwa vizuri. Mwenye kizimba cha kufugia sato ziwani je? Mwaka 2018 watafiti waliripoti kirusi cha sato katika ziwa hilohilo, upande wa Uganda na wa Tanzania. Akiamka akute sato wanaelea matumbo juu, anahitaji barafu, usafiri na mtu wa kupokea simu kabla jua halijapanda. Kufikia saa nane mchana minofu imelegea, harufu imeanza, na maabara haina tena cha maana cha kupima.