Misa ya Wafu ya Michael Haydn na jina la Mozart

Askofu Mkuu Sigismund Schrattenbach wa Salzburg alifariki tarehe 16 Desemba 1771. Kufikia siku ya mwisho ya mwezi huohuo, mtunzi Michael Haydn, mdogo wake mtunzi Joseph Haydn, alikuwa amekwisha kumtungia Misa ya Wafu. Januari ya mwaka huohuo alikuwa amemzika mwanawe wa pekee, Aloisia, aliyekufa kabla ya kutimiza mwaka. Mozart, kijana wa miaka 15, alikuwa amerejea Salzburg kutoka Italia siku moja tu kabla ya kifo cha askofu.

Rekodi ya kundi la The King's Consort chini ya Robert King, iliyotolewa na kampuni ya Hyperion, imeifikisha misa hii kwa wengi. Wengi wetu, hata hivyo, tuliletwa kwenye misa hii na jina la Mozart, ambaye Misa yake ya Wafu ya mwaka 1791 ina alama za hii.

Wanaotetea ulinganisho huo wana hoja. Katika "Quam olim Abrahae", sehemu ya wimbo wa matoleo, pale sauti zinapofukuzana, undugu wa kazi hizi mbili unasikika wazi. Na bila jina kubwa, rekodi hii ingebaki kwa wataalamu wachache.

Lakini sikio lililokuja kumtafuta Mozart humkosea Haydn. Chukua "Dies irae", wimbo wa siku ya hukumu. Mozart aliigawa vipande sita. Haydn anaipeleka moja kwa moja bila kituo, kama mtu anayejua kwamba padri yuko altareni na jeneza liko mbele yake. Tromboni zinatembea na sauti za alto, teno na besi, kama ilivyokuwa desturi ya Salzburg. Anayesubiri tromboni ipige peke yake kama kwa Mozart ataona pengo, na pengo hilo amelileta mwenyewe. Nakiri kwamba "Lacrimosa" ya Haydn, sehemu ya mwisho ya wimbo huo, inapita haraka, na haibaki moyoni kama ile ya mwenzake. Ila ule mwanzo wa misa, besi ikipiga hatua nzito huku sauti zikiingia moja baada ya nyingine, ni ombi letu lilelile la kando ya kaburi: Raha ya milele uwape, ee Bwana. Hapo simkumbuki Mozart kabisa.

Upungufu mwingine ni wa rekodi yoyote ya muziki wa ibada: vipande vinafuatana bila sala za katikati, na kilichotungwa kisindikize tendo kinabaki peke yake.

Ndiyo maana, kwa anayeanza, ningemshauri aanze na kazi ya pili iliyomo katika rekodi hii: Misa ya Mtakatifu Ursula ya mwaka 1793, iliyotungwa kwa nadhiri za mtawa wa monasteri ya ziwa Chiemsee. Ina tarumbeta na furaha tele, na hakuna kazi mashuhuri ya kuilinganisha nayo. Akishaizoea sauti ya Haydn hapo, arudi kwenye ile ya wafu.