Jela zilizogeuzwa makumbusho na mfungwa tuliyemsahau

Mwaka 2025, makumbusho madogo ya mji wa Bury St Edmunds, mashariki mwa Uingereza, yaliweka mbele ya wageni kitabu kilichojalidiwa kwa ngozi ya mtu. Mtu huyo ni William Corder, aliyenyongwa hadharani mwaka 1828 kwa kumuua Maria Marten, mwanamke aliyekuwa amezaa naye. Ndani ya kitabu mna habari za kesi yake mwenyewe. Makumbusho hayo yalikuwa na kitabu kingine cha namna hiyo kwa miaka mingi. Hiki kilichotolewa 2025 kilikaa tu kwenye rafu ya ofisi hadi wahifadhi walipokigundua. Wakosoaji walikuja juu, wakasema kitu kama hicho hakistahili kuwekewa kioo na taa, kiharibiwe. Waliokitetea walijibu kwamba ukatili ule ulifanywa kwa jina la sheria, na anayetaka ufichwe anaisaidia sheria hiyo kujisafisha.

Mjadala huo unatugusa Wakenya moja kwa moja. Fort Jesus ya Mombasa ilikuwa jela kuanzia mwaka 1895 hadi 1958. Ngome ya Lamu ilifunga watu kuanzia 1910 hadi 1984, ndiyo kusema wapo wazee waliolala humo wakiwa wafungwa na leo wanaweza kuingia kwa tiketi. Makumbusho ya Kapenguria yamejengwa kuzunguka vyumba vya mahabusu walimozuiliwa Jomo Kenyatta na wenzake watano. Makumbusho ya Nyeri, kule Ruring'u, yamo ndani ya jengo lililojengwa mwaka 1924 kuwa mahakama ya Waafrika. Kwa hiyo swali la jinsi ya kuonyesha uhalifu na adhabu za zamani linatuhusu kila tunapolipa kiingilio.

Wanaotaka kila kitu kiwekwe wazi wana hoja nzito, na kwetu ni nzito kuliko Uingereza. Adhabu za wakati wa ukoloni zilifichwa kwa makusudi. Serikali ya Uingereza ilipoondoka iliondoka na maelfu ya mafaili, na ikakiri kuwa nayo mwaka 2011 tu, baada ya wazee wa Mau Mau, waliopigana na utawala wa Waingereza miaka ya 1950, kuishtaki mjini London. Mwaka 2013 ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa madai ya wazee 5,228, gharama za kesi zikiwamo. Na sisi wenyewe hatukuwa wepesi wa kukumbuka: Mau Mau ilibaki kundi haramu katika sheria za Kenya hadi mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Katika nchi yenye historia ya kuficha kiasi hicho, pingu ni ushahidi, na chumba cha mahabusu ni ushahidi. Mtafiti David Anderson amehesabu watu 1,090 walionyongwa kwa makosa yaliyohusishwa na Mau Mau. Idadi kama hiyo inapita masikioni. Lakini mtoto wa shule akisimama mbele ya kitanzi, hakuna atakayemwambia baadaye kwamba mambo hayo hayakutokea.

Upande wa pili hauwezi kupuuzwa. Kitanzi kikining'inizwa ukumbini, kuna watakaokisogelea kupiga picha wakicheka. Mijeledi na minyororo ina mvuto wake, na makumbusho yanayohitaji wageni yanajua hivyo. Kuna nchi ambako vyumba vya mateso vya kuigiza vimekuwa biashara kabisa, na maumivu ya waliokufa yanauzwa kama burudani ya mwisho wa juma. Zaidi ya hapo kuna familia. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, alinyongwa katika jela ya Kamiti tarehe 18 Februari 1957, na watu wake wametumia miongo wakitafuta kaburi lake. Familia ambayo haijazika ina haki ya kuuliza kwa nini kifaa cha kumuulia mtu wao kiwe kivutio kabla hawajapewa mifupa yake.

Katika jambo hili la mabaki ya miili nasimama na wanaokataa, isipokuwa pale wenyewe wanapotaka. Fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani, lilirudishwa Tanganyika mwaka 1954, nalo limewekwa katika makumbusho ya Kalenga, Iringa, kwao na miongoni mwa watu wake. Fuvu hilo hilo likiwa kwenye kabati la Ulaya lilikuwa kombe la ushindi. Kilichobadili maana yake ni nani anaamua lionekane. Ngozi ya Corder ilichunwa ili kumdhalilisha muuaji hata baada ya kufa, na anayeiweka mbele ya wageni leo anaiendeleza adhabu ile, hata kama nia yake ni kufundisha. Habari yake ingesimulika vizuri bila ngozi yenyewe kutazamwa.

Hata hivyo, naona pande zote mbili zinagombania kitu kimoja: kitanzi. Mmoja anataka kionekane, mwingine anataka kiondolewe, na wote wanakubaliana bila kusema kwamba historia ya adhabu ni historia ya kunyongwa. Haikuwa hivyo. Waafrika wengi walioadhibiwa na serikali ya kikoloni hawakukaribia mti wa kunyongea. Walitozwa faini, walichapwa, walifungwa wiki kadhaa, wakarudi nyumbani wakiwa na deni. Hao ndio ninaowakosa katika kumbi zetu.

Chukua kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kila mwanaume Mwafrika aliyefikia umri wa kufanya kazi alitakiwa kuwa na karatasi yenye alama za vidole vyake, jina lake, jina la mwajiri, mshahara, tarehe ya kuanza kazi na tarehe ya kuruhusiwa kuacha. Karatasi hiyo ilitiwa ndani ya kijisanduku cha bati, kikafungwa kamba, kikavaliwa shingoni. Wagikuyu walikiita kwa jina la kengele ya mbuzi. Mtu aliyekamatwa njiani bila kipande alikuwa mhalifu. Aliyeacha shamba la mzungu kabla mwajiri hajaweka sahihi alikuwa mtoro, na utoro huo ulikuwa kosa la jinai, alitafutwa na polisi kwa alama za vidole. Harry Thuku alipokamatwa mwaka 1922 baada ya kuwahimiza watu kukipinga, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi cha Nairobi na ukapigwa risasi.

Kijisanduku hicho kinaingia mfukoni. Kwenye kabati la makumbusho hupati woga wowote ukikitazama; wageni hukipita wakikimbilia bunduki na mapanga. Ila kina somo ambalo kitanzi hakina. Kitanzi kinakuambia kwamba mtu aliadhibiwa. Kipande kinakuonyesha jinsi kosa linavyotengenezwa: jana ulikuwa mtu anayetembea, leo sheria imesainiwa na kutembea kwako ni hatia. Kadhalika kodi ya kibanda. Kulala katika nyumba uliyoijenga mwenyewe kuligeuka deni kwa serikali, na kushindwa kulilipa kukageuka kifungo. Kufikia mwaka 1925 walioingizwa jela kwa makosa ya namna hiyo walikuwa wengi kiasi kwamba koloni ilitunga sheria ya kambi maalumu za kizuizi kwa wenye makosa madogo. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 dhidi ya Mau Mau, kufungia watu kambini haikuwa fikra ngeni kwa maofisa wa Kenya.

Kapenguria nayo inaweza kusimulia zaidi ya inavyosimulia. Mgeni anaingia katika vyumba vile akiwaza mashujaa: Kenyatta, Kubai, Kaggia, Ngei, Kung'u Karumba, Achieng' Oneko. Ni haki yao. Lakini kilichonishika mimi katika kesi yao, waliposhtakiwa kuongoza Mau Mau, ni watu wasiokuwa na chumba cha kumbukumbu. Jaji Ransley Thacker alikuwa amestaafu, akaletwa kuisikiliza, na serikali ikamlipa pauni 20,000 nje ya mshahara wa kawaida. Shahidi muhimu, Rawson Macharia, alikuja kuapa mwaka 1958 kwamba ushahidi wake ulikuwa wa uongo na kwamba aliahidiwa masomo Uingereza. Akashtakiwa na kufungwa, si kwa kudanganya mahakamani mwaka 1952, bali kwa kusema kwamba alidanganya. Nyaraka za mambo hayo zikiwekwa kando ya mlango wa chumba cha mahabusu, mgeni ataelewa adhabu ile ilivyopatikana. Bila hizo anaona ukuta na mlango.

Hapa wapo watakaonionya kwamba nataka kila mfungwa awe mhanga. La. Jela zile zilifunga pia wezi, wabakaji na wauaji, na waliotendewa walikuwa Waafrika wenzao. Makumbusho yanayomgeuza kila aliyefungwa na mkoloni kuwa shujaa yanamsahau mama aliyeibiwa mbuzi wake. Hilo ndilo tatizo langu na masimulizi ya kishujaa: hayana nafasi ya mhalifu wa kweli wala ya aliyetendewa.

Lari, kule Kiambu, ndiyo mahali panapotujaribu kuliko pote. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953, Mau Mau walivamia makazi ya wafuasi wa chifu Luka Wakahangara, wakazichoma nyumba na kuua makumi ya watu, wengi wao wanawake na watoto. Kabla kupambazuke, na siku zilizofuata, askari na walinzi wa serikali wakaua watu wengi zaidi kulipiza kisasi. Walioshiriki uvamizi wa kwanza walishtakiwa makundi kwa makundi na makumi wakanyongwa. Kwa mauaji ya pili hakukuwa na kesi za namna hiyo. Ukionyesha vitanzi vya Lari peke yake, umesema uongo kwa familia zilizochomwa. Ukionyesha nyumba zilizochomwa peke yake, umerudia propaganda ya serikali ya wakati ule. Ni vigumu kuziweka mbili pamoja katika chumba kimoja, hasa pale ambapo wajukuu wa pande zote wanakutana sokoni. Wapo watu wa Lari waliothubutu kujenga makumbusho ya amani wakiwaleta pamoja wazee wa pande hizo, na nawaheshimu kwa hilo kuliko ninavyoheshimu sanamu yoyote ya shaba.

Jengo la Nyeri, ile mahakama ya Waafrika, linaongeza jambo jingine ambalo watetezi wa mila, nami nikiwamo, hawapendi kuliangalia sana. Tunapenda kusema kwamba kabla ya jela Waafrika walikuwa na fidia badala ya kifungo, kwamba wazee wa baraza walitaka kuponya palipoumizwa. Kuna ukweli mwingi humo. Kwa Wagikuyu mauaji yalilipwa kwa mifugo kwa ukoo uliopoteza mtu, na ukoo mzima wa muuaji ulibeba mzigo huo. Aliyeumizwa hakurudi nyumbani mikono mitupu kama anavyorudi leo kutoka mahakamani huku mshtakiwa akienda kula ugali wa serikali. Lakini fidia hiyo ilikuwa mbuzi au kondoo 100 kwa mwanamume na 30 kwa mwanamke. Onyesho lenye ujasiri lingeandika hesabu hiyo ukutani kwa herufi kubwa, likamwacha binti wa shule ajipatie maneno yake.

Kinachofanya haya yote yasiwe mambo ya kale ni kwamba hatujayamaliza. Kenya haijamnyonga mtu tangu mwaka 1987, ilipowanyonga Hezekiah Ochuka na Pancras Oteyo Okumu kwa jaribio la mapinduzi la 1982. Hata hivyo hukumu ya kifo ingali kwenye vitabu. Mahakama ya Juu mwaka 2017 iliondoa ulazima wake tu kwa kosa la mauaji. Viboko kama adhabu ya mahakama vilifutwa mwaka 2003 pekee. Mtu anayesoma kibao cha makumbusho kinachosema "zamani" anastahili kuambiwa zamani hiyo iliishia lini, na kwa yapi haijaisha.

Na kuna Nyayo House, jengo la ofisi za serikali jijini Nairobi. Ghorofa za juu watu wanapanga foleni ya pasipoti. Chini kuna vyumba ambamo katika miaka ya 1980 watu waliotuhumiwa kuwa wapinzani wa serikali walitiwa uchi katika maji na kuteswa hadi wakiri makosa. Mwaka 2003 vilifunguliwa watu wakaviona, ikaahidiwa kwamba vitahifadhiwa kuwa kumbukumbu ya taifa. Walionusurika wamekuwa wakiikumbusha serikali ahadi hiyo tangu hapo. Hoja ya kungoja ni ile ile inayotolewa kila mara: tusifukue vidonda, wahusika wengine wangali hai. Lakini waliofungiwa humo pia wangali hai, na wanazeeka. Kwa Kapenguria tulibaki na majengo na mafaili, sauti nyingi tukazikosa. Kwa Nyayo House tunaweza kuanza na sauti: kila aliyepita mle na yuko tayari kusema arekodiwe sasa, kosa aliloambiwa ametenda liandikwe kama lilivyosomwa mahakamani, na jina la hakimu aliyempokea usiku na kumhukumu liandikwe kando yake. Mlango wa chini unaweza kufunguliwa baadaye, wakati wowote serikali itakapokuwa tayari. Kurekodi hakuhitaji ufunguo wake.