EMCCD au CMOS: kamera ya kasi kwa anga la Mwanza

EMCCD na CMOS ni aina mbili za vihisi vya kamera vinavyogeuza mwanga kuwa elektroni. Asteroidi (mwamba unaozunguka Jua) ikipita mbele ya nyota, nyota hufifia kwa sekunde chache tu. Kupima tukio hilo vizuri kunahitaji fremu za milisekunde 20 hivi, na kwa muda huo fotoni, yaani chembe za mwanga, ni chache mno. Hapo kelele ya usomaji, yaani kosa dogo linaloingia kila pikseli inaposomwa, ndiyo huamua.

EMCCD huzidisha elektroni mara mamia kabla ya kuzisoma, hivyo kelele hiyo hushuka chini ya elektroni 1. Ila uzidishaji wenyewe ni wa kubahatisha, na huharibu kipimo kana kwamba nusu ya fotoni zimepotea. CMOS nzuri haina adhabu hiyo, lakini hubaki na kelele ya elektroni 1.5 hivi kwa kila pikseli. Ukipiga hesabu, kamera hizi hulingana pikseli ikipokea elektroni 2.25 kwa fremu, yaani mraba wa 1.5. Zaidi ya hapo CMOS inashinda.

Watetezi wa EMCCD wana hoja nzito: ukubwa wa pikseli. Kwenye darubini yenye urefu wa fokasi wa mita 2, nyota iliyotawanywa na hewa hadi sekunde 3 za pembe (sekunde moja ya pembe ni 1/3600 ya nyuzi) huangukia pikseli 79 hivi za mikromita 2.9, lakini 3 au 4 tu za mikromita 16. Kelele ya jumla hukua kwa mzizi wa mraba wa idadi ya pikseli, hivyo ya CMOS inafika elektroni 13. Kuunganisha pikseli kwa programu hakuifuti, maana kila moja imeshasomwa na kelele yake. Lenzi ya kupunguza fokasi kwa nusu huacha pikseli 20 na kelele ya elektroni 7 hivi.

Kwa Mwanza mjini naegemea CMOS yenye lenzi hiyo. Mwanga wa anga nao huhesabiwa katika zile elektroni 2.25, na upande wa ziwa si giza: usiku usio na mbalamwezi ndio wavuvi wa dagaa huwasha taa. Unyevu pia una neno. EMCCD hupozwa hadi nyuzi -70 hivi, na kioo chake cha mbele kikipoa hushika umande. CMOS kwa fremu fupi hutosheka na ubaridi mdogo. Bei ya EMCCD ndiyo usiseme.

Kasoro ya CMOS nyingi ni kusoma mstari baada ya mstari, takriban mikrosekunde 10 kila mmoja. Nyota iliyo mstari wa 1,000 huchelewa milisekunde 10. Kivuli cha asteroidi kikienda kilomita 20 kwa sekunde, hilo ni kosa la mita 200. Andika namba ya mstari, kata fremu ibaki eneo dogo, na muda uchukue kwenye GPS, si saa ya kompyuta.

EMCCD ningeipeleka sehemu yenye giza ya Ukerewe, kwa nyota hafifu. Ukinunua iliyotumika, pima kwanza uzidishaji wake, kwani hupungua kadiri kamera inavyotumika.