Kimondo cha Ivuna kililowa, hakikuoshwa

Gramu 705 tu ndizo zilizookotwa Ivuna, kusini-magharibi mwa Tanzania, baada ya kimondo kuanguka huko Desemba 16, 1938. Hazifiki robo tatu ya kilo, ilhali kundi zima la vimondo vya CI limebeba herufi ya kijiji hicho: I ni ya Ivuna. Kundi hili lina sifa mbili zinazoonekana kugombana. Maji yaliyokuwamo ndani ya asteroidi mama, yaani jiwe kubwa la angani ambamo vimondo hivi vilimeguka, yaligeuza karibu madini yake yote kuwa udongo mfinyanzi. Hata hivyo, ukiondoa gesi na elementi chache nyepesi, uwiano wa elementi zake ni uleule wa Jua. Kilichogeuzwa mno ndicho kilichotunza hesabu ya mwanzo.

Ubishi ni huu: maji hayo yalitembea mwambani, au yalikaa palepale? Anayepika wali hapa Mombasa anaijua tofauti. Kuna wali wa maji ya kiasi yanayokaukia sufuriani, na kuna wa maji mengi unaochujwa. Punje zote huiva, ila huo wa pili chumvi yake imekwenda na maji. Wengi wakisoma kwamba Ivuna "imebadilishwa kabisa na maji" huwaza wali wa kuchuja, na hapo ndipo wanapoteleza.

Joto lililoyeyusha barafu ya asteroidi hadi ikawa maji lilitoka kwa alumini-26, aina ya alumini yenye mnururisho, ambayo nusu yake huoza kila miaka 700,000 hivi. Asteroidi iliyojikusanya mapema iliikuta ikiwa tele, ikaokwa hadi nyuzi 900 au ikayeyuka kabisa; iliyochelewa kwa miaka milioni 3 hivi ilipata masalio, yakatosha kuyeyusha barafu. Kwa CI, makadirio mengi ya joto yako kati ya nyuzi 50 na 150.

Sasa tazama kinachotokea barafu ikishayeyuka. Kilo moja ya olivini ya magnesiamu, madini makavu ya mwamba, ikigeuka yote kuwa serpentini na brusiti, madini yenye maji ndani yake, hunywa takriban gramu 190 za maji, na ujazo wa yabisi huongezeka kwa karibu nusu. Mwamba unavimba na kujiziba wenyewe. Mwaka 2009 mtafiti Philip Bland na wenzake walionyesha kwamba vimondo hivi vina matundu mengi lakini membamba mno, kwa kuwa unga wake ni wa chembe ndogo kuliko mikromita moja. Kwa hesabu yao, maji yangesogea sehemu ndogo tu ya milimita. Kuwa na matundu si kuwa na njia.

Lakini ushahidi mzito kuliko wote ni sodiamu. Ni elementi isiyovumilia maji: ukiyapitisha kwenye mwamba kwa muda mrefu, huiondoa mapema kabisa, na potasiamu huifuata. Ivuna na Orgueil, kimondo kilichoanguka Ufaransa mwaka 1864, zote mbili zina sodiamu kwa uwiano wa Jua. Anayetetea mito ya chini kwa chini lazima aeleze jinsi maji yalivyoichukua kisha yakairudisha kwa kipimo kilekile, katika mawe mawili yaliyoanguka mabara mawili tofauti. Ni kazi ngumu. Ukishuka hadi vipande vya miligramu uwiano huyumba, hasa kalsiamu, kwa sababu chembe za kaboneti (madini ya jamii ya chokaa) hazikutawanyika sawa. Hiyo yaonyesha kwamba vitu vilihama, ila kwa hatua fupi sana.

Upande wa pili nao una hoja. Mwaka 1999 mtafiti Edward Young na wenzake walieleza tofauti za isotopu za oksijeni (atomu zake za uzito tofauti) kwa maji yanayotiririka kutoka pa moto kwenda pa baridi. Mwaka 2020 picha za asteroidi Bennu zilionyesha mishipa ya kaboneti katika mawe yake, mingine kwa urefu wa kama mita moja. Mshipa wa mita haujengwi na maji yaliyosimama. Sampuli ya Bennu ya gramu 121.6 iliyofika Marekani Septemba 2023 ilikutwa na kaboneti za sodiamu na hata chumvi ya kawaida, mabaki ya maji ya chumvi yaliyokauka. Tena kule kuvimba kunakoziba matundu kunaweza pia kupasua mwamba na kufungua mifereji.

Mifereji naikubali. Ila mfereji si bonde zima, na chumvi ya Bennu ilibaki humohumo maji yalipokauka, haikumwagwa nje.

Ushahidi mmoja wa mtiririko umekwishaanguka. Mishipa myeupe ya salfeti (chumvi za salfa) ndani ya Orgueil ilihesabiwa miaka mingi kuwa alama ya maji ya asteroidi. Mwaka 2001 watafiti Gounelle na Zolensky wakasema imeota hapa duniani, kwa unyevu wa hewa. Anayeishi Mji wa Kale, kwenye nyumba za mawe ya matumbawe, hashangai: ukuta hufyonza unyevu, chumvi hutoka usoni, lipu hubanduka. Sampuli za asteroidi Ryugu, gramu 5.4 zilizofika Desemba 2020 ndani ya chombo kilichofungwa, ni ndugu wa Ivuna, na salfeti hizo hazimo. Maji yake ni karibu asilimia 7 ya uzito, chini ya ya Orgueil, iliyokunywa hewa yetu zaidi ya karne.

Kipimo cha kuamua kiko wazi. Chukua jiwe lenye mshipa, likatwe bila maji, lipimwe sodiamu kuanzia ukingo wa mshipa kwenda ndani. Ikipungua polepole kwa sentimita kadhaa, wenye mito wana haki. Badiliko likikoma ndani ya milimita moja, wali ulikaukia sufuriani.